Vipindi vya watoto vimpe mtoto muda wa kufikiri

Mhariri, naomba nafasi niseme kuhusu vipindi vya watoto kwenye TV. Sesame Street ilipoanza Marekani mwaka 1969 ilifundisha herufi na namba kwa vipande vifupi vifupi kama matangazo ya biashara, na ilisaidia kwa kweli. Ila baadae wataalam wakataka mtoto ashiriki sio kukodoa macho tu, ndo maana kwenye kipindi cha Blue's Clues cha 1996 mtangazaji anauliza swali halafu ananyamaza, anasubiri mtoto ajibu, na kipindi kilekile kilikuwa kinarudiwa siku 5 mfululizo. Sasa katuni nyingi za siku hizi picha zinakimbizana tu, mtoto atafikiri saa ngapi jamani? Watengenezaji rudisheni ule ukimya, na sisi wazazi tukae na watoto tuwaulize wameelewa nini.