Zipu za hema na vumbi ya Goma

Mhariri, salama? Naandika juu ya hizi hema zenye watu wanatupa ovyo eti zipu imekataa kufunga, na hema yenyewe ingali nzima kabisa. Vumbi yetu hapa Goma si ya mchezo, iko ya mawe ya volkano, lava ya Nyiragongo ya 2002 na ile ya 2021 inasagwa na magari na pikipiki kila siku, ukiishika kwa vidole unasikia inakwaruza kama msasa, sasa hiyo ikiingia kwenye zipu kichwa chake, kile kidude unavuta kufunga, kinalika polepole mpaka hakibani tena, unafunga mbele, nyuma meno yanaachana.

Kinachonikasirisha ni mafuta. Mtu anapaka mawese ama oili ya pikipiki, leo inateleza vizuri, kesho vumbi yote imenata pale. Achana nayo! Chukua mswaki wa zamani, sugua meno ndani na nje ikiwa kavu, kisha maji safi na sabuni kidogo, iache ikauke kabisa, ndio upitishe kipande cha mshumaa, basi.

Kama inaachana nyuma, usikimbilie kwa fundi akubadilishie zipu nzima, bana kichwa na pensi, ile koleo ndogo ya fundi, kushoto halafu kulia, pole pole, maana ukikaza sana kinapasuka. Na wenye kulala milimani, legezeni kamba kidogo kwanza, hema ikivutwa sana mlango haukutani, munalaumu zipu bure.

Msomaji wenu, Goma