Saratani mbili kwa mgonjwa mmoja: ipi itangulie?

Mhariri,

Mgonjwa akiambiwa ana saratani mbili, familia nyingi hapa Moshi hudhani moja imezaa nyingine. Huenda sivyo. Kila uvimbe utolewe kinyama kipimwe maabara: saratani ya titi iliyosambaa mapafuni hutibiwa kama ya titi, si ya mapafu.

Inayotangulia ni ile itakayodhuru mapema, hata kama ndiyo ndogo. Mzee mwenye saratani ya umio na ya tezi dume isiyosambaa, kwa kawaida huanza na umio, kwani hata uji unamkwama na uzito unaporomoka. Tezi dume mara nyingi husubiri, au hutulizwa kwa sindano za homoni.

Balaa liko kwenye kujumlisha dawa. Doksorubisini, dawa mojawapo ya saratani, ina kikomo cha jumla ya dozi ambazo mtu anaweza kupewa maishani mwake, takriban miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya mwili; ikizidi, moyo hudhoofika. Kifua kilichokwisha kupigwa mionzi nacho hakirudiwi ovyo. Basi ukipewa rufaa hospitali ya KCMC hapa Moshi au taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, beba orodha ya dozi zote, majibu ya vinyama na vile vipande vya nta vyenyewe ambamo maabara huhifadhi vinyama, si picha ya simu iliyofifia. Na uombe madaktari wa pande zote wakae kikao kimoja. Wakiandikiana kwenye faili tu, mengi hupotea.

Wauguzi wa wagonjwa wa saratani,
Moshi