Kabureta haina makosa, pimeni petroli kwanza

Mhariri,

Mimi ni mtu wa Mombasa lakini niko Birmingham huku miaka mingi, na gazeti lenu nalisoma kwa simu kila asubuhi kabla sijaenda kazini. Juzi mlichapisha swali la msomaji wa Nyali mwenye MGB, ile gari ndogo ya michezo ya Kiingereza ya zamani, aliyoachiwa na marehemu babake, anasema mjini inaenda vizuri lakini akitoka barabara kubwa ikifika kilomita mia na kitu inaanza kukohoa, inakosa nguvu, akipunguza inarudi sawa. Fundi wenu akamjibu afungue kabureta zote mbili, abadilishe sindano na jeti zinazopima petroli, na aweke oili nzito kule juu ya kabureta. Bwana mhariri, jibu hilo litamla huyo kijana pesa bure, na nasema hivyo kwasababu mimi mwenyewe nililiwa.

Yangu ni ya 1970, nilinunua imelala kwa banda la mtu. Ugonjwa ulikuwa huohuo. Natoka hapa na ile M5 kuelekea Bristol, dakika kumi na tano za kwanza raha tupu, halafu kwa maili 70 gari inaanza kuishiwa pole pole kama mtu mwenye kiu, nasimama pembeni, navuta pumzi, nawasha, inaenda kama hakuna lililotokea. Nikafungua zile kabureta zake, aina ya SU, mara mbili. Nikanunua sindano mpya, floti mpya, vali mpya za kibakuli kinachoshika petroli ndani ya kabureta, wala haikusaidia hata kidogo. Kabureta ya SU ni kitu rahisi sana jamani, wale ndugu Skinner walioianzisha walitoka familia ya biashara ya viatu na za mwanzo kabisa zilikuwa na ngozi ndani, hakuna uchawi humo. Hiyo oili ya juu ikipungua utaona gari inasita ukikanyaga ghafla, lakini haiwezi kukuzimia gari iliyokwisha shika mwendo, na ukiiweka nzito kupita kiasi ndio unajitafutia ugonjwa mwingine.

Aliyenifungua macho ni mzee jirani yangu, Mwingereza, alikuja na kikombe chake cha chai akaniuliza swali moja, ikizima inakufa ghafla au inafifia? Nikamwambia inafifia. Akasema basi hiyo ni petroli. Umeme wa cheche ukikatika, yaani koili au kondensa au platini ikiharibika, gari inakatika kama umezima swichi, na kwa MGB kama yangu ile mita ya mzunguko wa injini inasoma kutoka kwa umeme wa koili, kwahivyo mshale wake ukianguka chini ghafla na gari bado iko kwa gia inabingirika, acha petroli kabisa nenda kwa umeme. Halafu akaniambia ikianza kukohoa nivute choki kidogo. Kwa SU choki inashusha jeti ili petroli ipite nyingi zaidi, basi ukiivuta gari ikapata nguvu hata sekunde chache, jua injini ilikuwa na njaa. Nilijaribu, ikashtuka ikavuta, kisha ikafa kabisa maana vibakuli vilikuwa vishakauka.

Sasa hapa ndipo ningependa yule wa Nyali asome vizuri. Pampu ya MGB haiko kwa injini, iko huku nyuma chini ya gari, ya umeme, na inalia tik tik tik. Ukifungua swichi bila kuwasha inalia haraka halafu inapunguza na kunyamaza vibakuli vikijaa. Ikilia haraka bila kunyamaza inavuta hewa mahali, au tanki haina kitu. Ikilia kwa kujivuta, kama mtu anayenyonya juisi nzito kwa mrija, kuna kitu kimeziba upande wa tanki. Chomoa mpira wa petroli pale kwa kabureta, utie kwenye chupa kubwa, chomoa waya wa koili, sigara iwe mbali na wewe mwenyewe uwe nje ya banda, fungua swichi na uhesabu dakika moja nzima. Usikubali chini ya painti moja, yaani nusu lita na kidogo. Kwa maili 70 gari hii hainywi hata nusu painti kwa dakika, kwahivyo pampu nzima inakuachia nafasi kubwa.

Yangu ilianza kwa nguvu, sekunde kumi na tano hivi, nikadhani iko sawa nikataka kuzima, mzee akanizuia mkono. Ikaanza kukonda. Mwisho ikawa kauzi kembamba kama mkojo wa paka. Tukafungua kifuniko cha tanki maana tundu lake la hewa likiziba tanki linajifunga pumzi, lakini haikulia fyuu na mtiririko haukubadilika. Tukatoa kale kampira kafupi kabla ya pampu, kwa nje kazuri kabisa, nikakapasua kwa wembe kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndani ngozi yake ilikuwa imevimba na kubanduka, imening'inia kama ulimi. Pampu ikinyonya kwa nguvu ule ulimi unafunga njia, ukisimama unalegea, ndio maana nikipumzika gari inapona. Huku tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ina ethanoli hadi asilimia kumi, na mipira ya zamani haiwezani nayo, tunaomiliki haya magari tunanunua ile ya bei ghali yenye asilimia isiyozidi tano na tunafunga mipira ya kisasa.

Sisemi wa Nyali ana ulimi kama wangu, yake inaweza kuwa kutu ya tanki imekusanyika kwa filta, au lile tundu la kifuniko. Lakini asiguse kabureta kwanza. Apime hiyo dakika moja, na akipata jibu naomba mhariri mumchapishe ni painti ngapi, kama ni moja na zaidi nitakubali fundi wenu amenishinda nusu na tutaanza kuongea mambo ya sindano.

Msomaji wenu,
Birmingham, Uingereza