Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mbuzi wa Milima Mirefu

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atayasoma mhazini. Mimi nabaki na mbuzi.

Mbuzi wa milimani haogopi baridi kavu. Chini ya nywele zake ndefu huota manyoya laini. Wale wa Changthang, Ladakh, kaskazini mwa India, wanaofugwa zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, unyoya wao una unene wa mikroni (sehemu za elfu za milimita) 12 hadi 15 tu. Kinachomponza ni unyevu na hewa iliyofungiwa. Bado yapo mabanda yaliyozibwa kila tundu kwa magunia, eti kuzuia baridi! Mvuke wa pumzi hugeuka matone darini, mkojo hutoa amonia, mapafu yanaugua. Chuchumaeni mpaka pua ifike kimo cha mbuzi aliyelala: macho yakiwasha, banda halifai. Zibeni chini, acheni uwazi chini ya paa.

Kitoto kikizaliwa usiku, kikausheni, mchovye kitovu kwenye ayodini, kisha kipate dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, mapema, ndani ya saa 2 ikiwezekana. Kwa saa 24 kinywe angalau asilimia 10 ya uzito wake: cha kilo 3, mililita 300. Joto lake likishuka chini ya nyuzi 37, kipasheni moto kwanza. Kilichopoa hakimezi vizuri. Maziwa huingia mapafuni.

Kwato zina ukingo mgumu na wayo laini unaong'ang'ania jabali. Mwambani hujisaga zenyewe. Bandani ukingo hukunjika, samadi hunasa, uozo huanza. Zikagueni kila wiki 6 hadi 8. Mkizichonga na kuona rangi ya waridi, kisu kikome hapo.

Sasa chumvi, ambayo kamati iliijadili kuliko yote. Nyasi za mlimani zina sodiamu, madini ya chumvi, kidogo. Huko Italia mbuzi mwitu wa Alps hupanda ukuta wa bwawa la Cingino, karibu wima, kulamba chumvi za mawe yake. Kwa hiyo jiwe la kulamba likiachwa malishoni, wa mwituni nao watalijia, na mate yatachanganyika, na magonjwa yatavuka. Mwaka 2010 homa ya mapafu iliua makumi ya markhor, mbuzi mwitu wa pembe zilizosokotwa, nchini Tajikistan. Sotoka ya mbuzi na kondoo nayo imewafikia mbuzi mwitu wa Mongolia.

Pendekezo la kupigiwa kura leo: jiwe la chumvi liwekwe ndani ya boma tu, na kundi lilambe jioni likirudi.