Yaya, ile sahani ya sambaza

Yaya,

Dada yangu mkubwa, picha nimeziona. Hukunitumia wewe, zimepachikwa na mtoto wa shangazi kwenye kundi la familia. Kijana amekushinda kimo, amesimama nyuma ya bibi harusi, suti imembana mabegani. Mabega yale! Nilizikuza mpaka zikawa ukungu. Nimefurahi. Na nimekasirika pia, harusi ya mwanetu naijua siku ya tatu, watu wamekwisha kula na kunywa. Kutoka kwenu Lubumbashi hadi huku kwangu Kadutu, Bukavu, simu inafika.

Najua ni ile sahani. Umewasimulia wote, hata wakwe zako, kwamba mdogo wako alimpokonya mtoto huyohuyo chakula mdomoni. Ni kweli. Bugali ya muhogo, kiganja cha sambaza, vile visamaki vya ziwani, juu yake, mchuzi wa nyanya. Alikuwa amekwisha kumega tonge. Nikavuta sahani. Hakulia. Alilamba vidole kimoja kimoja, akarudia kidole gumba, macho kwangu. Mtoto wa miaka mitatu ananyang'anywa samaki na halii, Yaya, hilo halikukushtua? Ulikuwa unanitazama mimi.

Ukasema, "Huyu amenona hivi, nani atasema ana njaa?" Nilimbonyeza juu ya unyayo, shimo likabaki. Nywele zilikuwa na rangi ya kutu. Nasi ni watoto wa Kivu, ugonjwa huo tunao kwa jina: bwaki, utapiamlo wa kuvimba. Mama zetu waliujua, na miaka ya 1960 hapa hapa Bukavu iliundwa kamati ya kupambana nao, Anti-Bwaki. Ulichokiita unono kilikuwa maji.

Wiki zile mlizokula muhogo na majani, mwili wake ulijifunza ubahili. Sukari iliyowekwa kwenye ini haifikishi hata siku mbili. Ikiisha, mwili unachuna misuli yake wenyewe ili ubongo upate sukari. Halafu unaona hasara, unageukia mafuta, na ubongo nao unakubali kuishi kwa kile ini linachopika kutoka kwenye mafuta hayo. Protini kidogo iliyobaki haitupwi ovyo, inavunjwa na kujengwa tena. Moyo unapunguza mwendo, mikono inapoa, kimo kinasimama, michezo inaachwa. Hata kulia ni gharama. Ndiyo maana hakulia.

Mwili wa namna hiyo ukiujaza bugali usiku mmoja, sukari inapanda, insulini, homoni inayoishusha, inavuta madini ya potasiamu na fosfeti kuingia ndani ya seli, damu inabaki haina, moyo unashindwa. Mtoto anakufa ameshiba. Mimi niliacha uuguzi mwaka wa pili, unapenda kunikumbusha, lakini hilo tulifundishwa mwaka wa kwanza.

Baadaye nilisoma habari za Minnesota, Marekani. Kati ya 1944 na 1945, wanaume 36 walijitolea kulishwa karibu nusu ya chakula chao kwa miezi sita hivi. Walipoteza kama robo ya uzito wao, na watu wazima wale walilamba sahani. Sikuambii kwa nini nilikuwa natafuta walamba sahani saa nane za usiku.

Usiku ule nilikaa naye kifuani, ngozi kwa ngozi, kikwembe juu yetu, namnywesha maji ya sukari kijiko baada ya kijiko. Hilo hulisimulii. Asubuhi hospitalini wakampa yale maziwa mepesi, kalori 75 kwa mililita 100, kidogo kidogo, usiku na mchana. Uvimbe ulipoanza kushuka ukamwinua mbele ya wamama wa wodi: "Tangu tufike kwa huyu, mtoto wangu anakonda." Yalikuwa maji yanatoka, Yaya! Kilo kupungua siku zile ndiko kupona. Muuguzi alikueleza, mimi nikanyamaza, na kunyamaza kwangu ukakuhesabu kuwa hatia.

Bibi harusi wetu akijaliwa, mwambie asimwachishe mtoto ziwa ghafla kwa sababu mwingine yuko tumboni. Wewe ulifanya hivyo, sikukulaumu. Amwekee sambaza za kusaga kwenye uji, maharagwe, karanga, muhogo peke yake haumjengi mtu. Mngenialika ningemwambia mwenyewe, na wala nisingegusa sahani ya mtu.

Sambaza zile sikuzimwaga. Niliziweka juu ya kabati, nikafunika. Zilikuwa za mwisho ndani ya nyumba, na baba watoto wangu alikuwa hajarudi. Alirudi saa nne, akala. Ulikuwa umelala kwenye mkeka, uso ukutani, nikadhani umesinzia.

Maana kabla hajarudi uliniuliza, "Na hiyo uliyofunika ni ya nani?" Nikakujibu kwamba maji ya sukari yako tayari.