Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mbunge wetu: pesa unayogawa inatoka wapi?

Mheshimiwa,

Pokea salamu na heshima zako kama kiongozi tuliyekuchagua wenyewe. Nimejizuia sana kuandika hii barua lakini baada ya ile harambee ya Jumapili siwezi kunyamaza tena.

Ulikuja na msafara, ukatoa nusu milioni kesh mbele ya waumini, watu wakashangilia na mimi pia nikapiga makofi kwa sababu kanisa ni letu na paa linavuja. Shida ilianza nje. Vijana wako walikuwa wanawapa akina mama mia mbili mbili na kando yao kuna kijana ameshika daftari, kila anayepokea anaandikwa jina, namba ya simu na kituo chake cha kupigia kura. Mheshimiwa, kituo cha kupigia kura ni cha nini hapo? Sadaka haiulizi mtu anapigia kura wapi.

Wiki hiyo yote binti yangu wa kidato cha tatu alikuwa nyumbani, amerudishwa karo. Fomu ya basari, yaani msaada wa karo, tulijaza mapema, nikaipeleka kwa chifu ikapigwa muhuri, nikaweka kopi ya kitambulisho, ripoti fomu, barua ya shule, hakuna kitu kilikosekana. Alipewa elfu nne. Deni lake ni zaidi ya elfu thelathini, na hiyo elfu nne yenyewe ilifika shule muhula ukiwa unaisha. Na kuna watoto wa watu waliokufanyia kampeni wanapata kila mwaka na wanapata ya maana, kwa nini iko hivyo sijui, mimi nadhani ni deni la kampeni linalipwa, na hapa kijijini siko peke yangu kufikiria hivyo.

Na basari sio pesa yako Mheshimiwa. Inatoka kwa NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya eneobunge, ambao ni angalau asilimia 2.5 ya mapato ya serikali kuu, ni kodi, hata yule mama aliyepewa mia mbili analipa hiyo kodi akinunua sabuni na kuweka kredo kwa simu. Lakini siku ya kugawa hundi tunaitwa uwanjani asubuhi tunakaa kwa jua mpaka ufike, halafu inatolewa ile hundi kubwa ya kadibodi iko na picha yako, watoto wanaimbishwa wakushukuru. Wakushukuru kwa pesa ya wazazi wao!

Hii kitu nimeifikiria sana. Mshahara wa mbunge haufiki milioni moja kwa mwezi, na wewe nusu milioni imeenda Jumapili moja, na Jumapili iliyopita ulikuwa kwa kanisa lingine, na kuna matanga, na kuna vikundi vya akina mama, na kuna timu za mpira zinangoja jezi. Hesabu haiingiani. Ina maana kuna mtu anakupa, na mtu hawezi kukupa pesa ya aina hiyo bure, siku moja atataka tenda, ama atataka upige kura Bungeni vile anataka yeye. Ndio maana mimi naamini yale madarasa mapya yalipata nyufa kabla hata ya kupakwa rangi, kontrakta alikuwa ameshalipa mahali.

Usiniambie kuwa wananchi ndio wanaomba, najua mnapenda kusema hivyo. Ndio, watu wanaomba. Mama asiye na unga hawezi kukataa mia mbili, na hiyo wewe unaijua vizuri kuliko sisi. Tuko na mwalimu hapa wadi yetu alitaka kugombea, ni mtu ana maono na watu wanampenda, lakini swali la kwanza aliloulizwa ni "utatuachia nini?" Akaacha. Huenda huyo angetusaidia lakini hatutawahi kujua.

Sheria zipo. Katiba ya 2010, Ibara ya 88, inaipa IEBC, tume ya uchaguzi, kazi ya kudhibiti pesa mgombea na chama wanazotumia. 2013 Bunge likapitisha Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi, halafu Bunge hilohilo likaiahirisha hadi kura ya 2017 ipite. 2021 tume ikachapisha viwango vya juu vya matumizi ya kampeni, mgombea urais akawekewa kama bilioni 4.4, kiwango ambacho kwa maoni yangu bado ni cha ajabu, na hata hicho kikawashinda, Bunge likazikataa kanuni za viwango hivyo na Agosti 2022 tukapiga kura bila kikomo chochote. Julai 2024 baada ya vijana kuandamana Rais mwenyewe alisema maafisa wa serikali wasishiriki harambee. Novemba mwaka huohuo Askofu Mkuu wa Kanisa Katoliki Nairobi, Philip Anyolo, akakataa pesa ya wanasiasa iliyotolewa kanisa la Soweto, ikiwemo ya Rais. Kwa hivyo inawezekana kukataa, na inawezekana kuacha kutoa.

Na wewe ulituahidi. Ukiwa juu ya gari kwa soko ulisema "mimi sitawanunua, mimi nitawafanyia kazi". Wengi wetu tulikupigia kura kwa sababu ya hayo maneno, mimi nikiwa mmoja.

Ninachoomba ni hiki. Kura ni tarehe 10 Agosti 2027. Kabla ya hapo simama Bungeni, hata kama utakuwa peke yako, useme unataka kikomo cha pesa za kampeni na unataka kila mgombea ataje waliompa pesa na walimpa ngapi. Na usingoje wenzako, taja wako. Tuambie pesa unayogawa inatoka wapi. Ukishindwa na hayo yote basi fanya hili moja ambalo halihitaji Bunge wala korti: orodha ya basari, jina la mtoto na kiasi alichopewa, ibandikwe kwa mlango wa ofisi ya chifu kila muhula, kabla shule hazijafunguliwa, tuisome wenyewe.

Ni mimi,
Mzazi na mpiga kura wako