Tipwatipwa

Ndugu Mhariri,

Siku ya Idi mtoto wa dada yangu, binti wa miaka 16, alikaa nasi mkekani akalidonoa pilau punje moja moja, nyama akaisukumia upande wa mdogo wake. Mama yake akatuambia, "Mwacheni, si nyie mliomwita tipwatipwa?" Kweli. Nilimwita mimi, tena kwa mapenzi, kama tunavyotaniana hapa Tanga.

Daktari ndiye aliyetutajia jina: anoreksia. Tulidhani ni mambo ya Wazungu; bibi yake alishataka apelekwe kwa mganga. Kumbe ni maradhi ya akili, na yanaua, maana mwili usipolishwa hata moyo hudhoofu. Binti anajiona mnene kwenye kioo, na sketi ya shule ameishika kwa pini mbili.

Hospitali ya Maudsley, London, ilianza kuwatibu vijana wa aina hii pamoja na familia zao miaka ya 1980. Hawamsaki mkosaji nyumbani. Wazazi ndio wanaokabidhiwa kazi ya kumlisha mtoto, mlo kwa mlo, mpaka aweze kujisimamia. Sasa dada huketi naye kwa bakuli la uji kila asubuhi, pengine saa nzima, bila kumkaripia.

Nanyi, Mhariri, ule ukurasa wenu wa "kupunguza tumbo kwa siku saba" niliukuta umebandikwa nyuma ya mlango wa chumba chake.

Mama Mdogo,
Tanga